Uchaguzi Mgumu na Uchaguzi Uliofichwa: Uimara na Udhaifu wa Steins;Gate kama Riwaya-Picha ya Kisayansi

Ikisiri

Makala hii inahakiki Steins;Gate, riwaya-picha ya kubuni ya kisayansi iliyotolewa nchini Japani mwaka 2009. Hoja ya msingi ni kwamba uimara na udhaifu wa kazi hii vinachipuka katika mzizi mmoja, yaani namna inavyoushughulikia uchaguzi wa msomaji. Kazi hufaulu pale inapomwekea msomaji uchaguzi mgumu waziwazi na kumwachia aubebe. Hulegea pale inapoficha uchaguzi ndani ya mambo madogo ambayo msomaji hawezi kujua kuwa ni uchaguzi. Makala inachunguza muundo, usimulizi, mwendo wa kisa na wahusika, kisha inajadili suala la kiisimu linalojitokeza iwapo kazi hii itasomwa kwa jicho la Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Riwaya-picha ni utanzu wa kidijitali ambao maandishi hujitokeza kwenye kioo juu ya picha tuli za mandhari na wahusika, yakisindikizwa na muziki na sauti za waigizaji. Msomaji hubonyeza ili aendelee na, katika nyakati fulani, hutakiwa kuamua jambo litakalogeuza mkondo wa kisa. Utanzu huu hutofautiana na riwaya ya vibonzo kwa kuwa uzito wake umo katika nathari, si katika mfululizo wa michoro. Vilevile hutofautiana na michezo mingi ya kompyuta kwa kuwa hakuna shabaha ya kulenga wala mbio za kushinda. Kazi yenyewe ni kusoma, na Steins;Gate huchukua makumi ya saa kusomwa hadi mwisho.

Kwa sababu hiyo, si sahihi kuuhakiki utanzu huu kwa vigezo vya riwaya iliyochapishwa pekee. Mhakiki wa riwaya huuliza kuhusu ploti, wahusika, mandhari na mtindo. Mhakiki wa riwaya-picha analazimika kuongeza swali moja: je, uchaguzi aliopewa msomaji unaongeza maana, au ni pambo tu? Swali hili ndilo dira ya makala hii.

2.0 Usuli na Muhtasari wa Kisa

Steins;Gate ilitayarishwa na kampuni za 5pb. na Nitroplus, ikatolewa kwanza kwa ajili ya mashine ya Xbox 360. Ni kazi ya pili katika mfululizo ulioanza na Chaos;Head ya mwaka 2008. Wazo la awali ni la Chiyomaru Shikura, mwandishi mkuu ni Naotaka Hayashi, na wahusika walichorwa na msanii anayejulikana kwa jina la huke. Mwaka 2011 ilitengenezewa filamu ya katuni ya vipindi, na tafsiri rasmi ya Kiingereza ya riwaya-picha yenyewe ilifuata mwaka 2014.

Kisa kinatokea katika kiangazi cha mwaka 2010 huko Akihabara, mtaa wa Tokyo unaosifika kwa maduka ya vifaa vya umeme. Rintaro Okabe, mwanafunzi wa chuo anayejinadi kuwa mwanasayansi mwendawazimu, amepanga chumba juu ya karakana ya televisheni za chogo na kukiita maabara. Wenzake wa mwanzo ni Mayuri Shiina, rafiki yake wa utotoni, na Itaru Hashida, bingwa wa kompyuta. Siku moja Okabe anamwona Kurisu Makise, mtafiti wa ubongo mwenye umri wa miaka 18, amelala katika dimbwi la damu ndani ya jengo la Radio Kaikan. Anamwandikia Hashida ujumbe wa simu kumweleza. Mara tu baada ya kuutuma, umati uliokuwa mtaani unatoweka, na baadaye anakutana na Kurisu akiwa mzima.

Hatimaye inabainika kwamba simu iliyounganishwa na maikrowevu ya maabara inaweza kupeleka ujumbe katika wakati uliopita. Ujumbe huo unaitwa D-Mail. Okabe na wenzake wanaanza kuutumia kurekebisha maisha yao, na kila mara dunia inapobadilika ni Okabe pekee anayebaki na kumbukumbu za dunia iliyotangulia. Taasisi ya SERN, iliyobuniwa kwa kuiga kituo halisi cha utafiti wa fizikia cha CERN kilichopo karibu na Geneva, inawagundua. Maabara inavamiwa na Mayuri anauawa. Okabe anarudi nyuma mara nyingi ili kumwokoa, lakini kila anapoziba njia moja ya mauti, nyingine inafunguka. Lililobaki ni kuzifuta D-Mail zote, moja baada ya nyingine.

3.0 Uimara wa Kazi

3.1 Muundo wa Kufunga na Kufungua

Nusu ya kwanza ya kisa hufunga mafundo; nusu ya pili huyafungua kwa kwenda kinyumenyume. Muundo huu ni rahisi kuueleza, lakini athari yake ni nzito kwa kuwa kila fundo ni tamaa ya mtu. Faris alituma ujumbe uliomrudishia baba yake aliyekuwa amekufa miaka kumi kabla. Luka, kijana aliyetamani kuzaliwa mwanamke, alituma wake kwenye peja ya mama yake kabla hajazaliwa. Okabe mwenyewe alituma ujumbe wa kumzuia Suzuha asiondoke. Ili Mayuri aishi, binti huyu ampoteze baba yake mara ya pili, na kijana yule arudi katika hali aliyoikimbia.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hadithi nyingi za safari katika wakati huipinga methali hii kwa kuonyesha jinsi maji yanavyoweza kuzoleka iwapo shujaa ni hodari. Steins;Gate inafanya jambo la ndani zaidi: inakubali kwamba maji yanaweza kuzolewa, kisha inauliza ni nani atakayekaa na kiu. Kwa hiyo mgogoro wa kazi hii si kati ya wema na uovu. SERN ni adui wa kuaminika kwa kiasi tu, na nafasi yake hupungua kadiri kisa kinavyosonga. Mgogoro halisi ni kati ya kheri ya mtu mmoja na kheri ya mwingine, wote wakiwa marafiki wa Okabe.

Kilele cha muundo huu kimefichwa mwanzoni kabisa. Ujumbe wa mwisho wa kufutwa ni ule wa kwanza, uliotangaza kuchomwa kisu kwa Kurisu. Kuufuta kunamwokoa Mayuri na kumrudisha Kurisu katika dimbwi la damu. Msomaji ambaye kwa saa nyingi amejifunza kumheshimu Kurisu kwa akili yake na ukali wa ulimi wake anatambua kwamba kila hatua ya kumwokoa mmoja ilikuwa hatua ya kumzika mwingine.

3.2 Simu kama Chombo cha Usimulizi

Riwaya-picha nyingi husimamisha kisa na kumpa msomaji orodha ya majibu. Steins;Gate imeachana na utaratibu huo. Msomaji anakabidhiwa simu ya Okabe: anaweza kuifungua, kusoma jumbe, kujibu kwa kuchagua neno lililopigiwa mstari, kupokea mwito, au kuiacha mfukoni. Kunyamaza nako ni jibu. Chombo kilekile kinachotumiwa na wahusika kubadili dunia ndicho kinachotumiwa na msomaji kubadili kisa, hivyo fani na maudhui vinashikana mkono.

Ufanisi huu unaonekana zaidi wakati wa kufuta D-Mail. Simu iko mkononi. Ama ujumbe utumwe, ama usitumwe. Msomaji akikataa kuutuma ule wa Suzuha, Okabe anabaki akizirudia siku zilezile hadi kifo cha Mayuri kinakoma kumgusa, naye anageuka mtu mkavu asiye na huruma. Katika hatima ya Faris, Okabe anaishia katika dunia ambamo Mayuri yu hai lakini hamfahamu. Hatima hizi si adhabu kwa msomaji aliyekosea. Ni maisha kamili yenye mantiki yake, na ndiyo sababu zinauma. Hapa uchaguzi ni mgumu, uko wazi, na unaongeza maana ambayo nathari pekee isingeweza kuileta.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa kazi zinazovunja mstari wa wakati na mahali. Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi iliuvuruga mfuatano wa matukio kwa makusudi, na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ilimpeleka mhusika wake katika jamii nyingine kwa chombo cha kubuni. Katika kazi hizo msomaji huandamana na mhusika na kumhukumu. Katika Steins;Gate anabonyeza kitufe kwa niaba ya mhusika, na hukumu inamrudia yeye mwenyewe.

3.3 Nafsi ya Kwanza na Lugha ya Mzaha

Kisa kinasimuliwa na Okabe kwa nafsi ya kwanza. Lugha yake mwanzoni ni ya majigambo: anajipa jina la Hououin Kyouma, anazungumza kwenye simu isiyo na mtu upande wa pili, na anaona njama kila kona. Msomaji anaweza kuiona mbinu hii kuwa kichekesho cha kuchosha. Baadaye inafichuliwa kwamba majigambo hayo yalizaliwa makaburini. Mayuri, akiwa bado mdogo, alikuwa akisimama kimya kila siku mbele ya kaburi la bibi yake, na Okabe, akihofia kwamba angetoweka, alijitangaza kuwa mwanasayansi mwovu na kumfanya Mayuri mateka wake asiyeruhusiwa kuondoka. Tangu hapo mzaha unabeba uzito mwingine. Okabe anaporudia majigambo yale huku sauti ikimtetemeka, msomaji anasikia hofu chini ya kelele.

Usimulizi huu una faida nyingine. Katika hatima ya kweli, Okabe anapaswa kumwokoa Kurisu bila kubadili kile ambacho nafsi yake ya zamani ilikiona. Alichokiona ni mwili na damu, hakuthibitisha kifo. Msomaji naye alikiona hichohicho tu, kwa kuwa macho ya msimulizi ndiyo yaliyokuwa macho yake. Suluhisho halikuletwa kutoka nje ya kisa; lilikuwamo tangu ukurasa wa kwanza, likifichwa na mipaka ya nafsi ya kwanza. Hii ni sifa ya mtunzi anayeiamini mbinu yake.

4.0 Udhaifu wa Kazi

4.1 Uchaguzi Uliofichwa

Kasoro kubwa ya Steins;Gate inatokana na simu ileile iliyosifiwa hapo juu. Kuifikia hatima ya kweli kunategemea mfululizo wa majibu ambayo msomaji anampa Kurisu katika jumbe za kawaida, nyingi zikiwa za masihara na maongezi mepesi. Neno moja lililochaguliwa badala ya jingine linaweza kuufunga mlango wa hatima hiyo, na msomaji hataarifiwa. Atasoma kwa saa nyingi zaidi, atafika kwenye hatima ya Kurisu, na mazingira yatamfanya adhani kwamba huo ndio mwisho.

Inaweza kutetewa kwamba hali hii inaakisi nadharia ya kazi yenyewe, kwamba tendo dogo hugeuza dunia. Utetezi huo hautoshi. Wahusika wanapotuma D-Mail wanajua kwamba wanatuma. Hawajui tu matokeo yake. Msomaji anayejibu ujumbe wa utani hajui hata kwamba ametenda. Pasipo kujua hakuna wajibu, na pasipo wajibu dhamira kuu ya kazi inapoteza nguvu. Hatima ya kweli, ambayo ingepaswa kuwa tunda la msomaji aliyepima na kuteseka, inakuwa zawadi ya bahati au ya mwongozo ulioandikwa na mtu mwingine. Wasomaji wengi huishia kufuata miongozo ya aina hiyo, na anayefuata mwongozo hachagui tena, anatekeleza.

Ubaya wa kasoro hii unaongezeka kwa kuwa dawa yake ilikuwamo ndani ya kazi. Uchaguzi wa kutuma au kutotuma D-Mail za kufuta unathibitisha kwamba watunzi walijua kuweka uamuzi mzito mbele ya msomaji bila kuharibu taharuki. Kama uhusiano wa Okabe na Kurisu ungepewa angalau uamuzi mmoja wa aina hiyo, hatima ya kweli ingestahiliwa.

4.2 Mwendo wa Kisa na Mzigo wa Maelezo

Nusu ya kwanza inajikokota. Majaribio ya maikrowevu, mizaha ya mabaraza ya mtandaoni, na mijadala kuhusu matundu meusi huchukua saa nyingi kabla hatari haijajitokeza. Sehemu ya ukawiaji huu ina kazi: msomaji asiyeishi na wahusika katika siku zao za kawaida hawezi kuomboleza siku hizo zinapopotea. Hata hivyo, si kila ukawiaji una utetezi huo. Yapo maelezo yanayorudiwa mara mbili au tatu na wahusika tofauti, na faharasa ya istilahi iliyowekwa ndani ya kazi inathibitisha kwamba watunzi wenyewe walijua kwamba mzigo ni mkubwa.

Sayansi ya kazi hii nayo ina sura mbili. Pale inapoegemea mambo halisi inashawishi. Mtambo mkubwa wa CERN ulipoanza kufanya kazi mwaka 2008, hofu kuhusu matundu meusi ilikuwa imekwisha kuenea miongoni mwa watu wa kawaida. Vilevile, mtu aliyejiita John Titor aliandika kweli katika mtandao wa Marekani mwaka 2000 na 2001 akidai kutoka siku zijazo na kutafuta kompyuta ya IBM 5100. Watunzi waliviunganisha visa hivi kwa ustadi. Lakini kanuni inayobeba kisa kizima, kwamba mikondo ya dunia iliyo jirani hukutana katika matukio yasiyoepukika, haijaribiwi wala haihojiwi na wahusika ambao ni wanasayansi. Inatangazwa, nao wanaitii. Inafanya kazi ileile iliyofanywa na utabiri katika tamthilia ya Sophocles kuhusu Oedipus. Hapo kubuni kwa kisayansi kunayaachia nafasi majaliwa yaliyovishwa koti jeupe la maabara. Tanzia inapata faida. Utanzu wa kisayansi unapata hasara.

4.3 Wahusika Wasiotendewa Haki

Kazi inayodai kwamba kila tamaa ina uzito ilipaswa kuzipima tamaa zote kwa mizani moja. Haifanyi hivyo kwa Luka. Katika nusu ya kwanza msimulizi anarudia kibwagizo cha kuusifu uzuri wake na kukimalizia kwa kukumbusha kwamba ni mwanamume, na mara kadhaa kibwagizo hicho kinakusudiwa kuchekesha. Kisa kinapomtaka Luka aiachie hali aliyoitamani maisha yake yote, maombolezo yanakuja juu ya msingi wa dhihaka. Msomaji anaombwa kuililia tamaa ambayo awali alifundishwa kuicheka.

Moeka naye, mhusika anayewasiliana kwa jumbe za simu hata na mtu aliye mbele yake, ana upweke ambao ungeweza kuwa kiini cha kazi inayohusu simu. Badala yake anatumiwa kama kifaa cha ploti, na mwisho wake unapitiwa kwa haraka. Mizaha ya Hashida kuhusu wanawake inarudiwa kupita kiasi, nayo inawapunguzia hadhi wahusika wa kike ambao sehemu nyingine zimewajenga kwa uangalifu.

5.0 Ukomo wa Baiti na Swali la Kiswahili

D-Mail ina ukomo wa baiti 36, na humfikia mpokeaji ikiwa imekatwa vipande vitatu vya baiti 12. Herufi za Kijapani huchukua baiti mbili kila moja, hivyo mhusika ana herufi 18 tu. Ukomo huu ni uamuzi wa kimtindo wenye akili: unaigeuza fizikia kuwa isimu, kwa kuwa hatima ya mtu inategemea ufupisho wa sentensi.

Kiswahili, kwa kuandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, kingekuwa na herufi 36. Muundo wa kitenzi chake ungezitumia vizuri. Chukua mfano wa kubuni: "Usimruhusu Mayuri aende kituoni leo". Sentensi hii ina herufi na nafasi 35. Ikikatwa kwa kila 12, kipande cha kwanza kinakuwa "Usimruhusu M". Kitenzi kimoja kimekwisha kubeba nafsi ya pili, ukanushi, yambwa na agizo. Kinachokosekana ni jina tu. Herufi M inaweza kuwa Mayuri, Moeka au Makise. Kiambishi cha yambwa kingezalisha taharuki ambayo Kijapani hakina namna ya kuizalisha kwa njia hiyo.

Ngeli ya A-WA nayo ingeleta mtihani. Kiswahili hakitofautishi jinsi katika viambishi vya nafsi, hivyo mabadiliko ya Luka yasingeweza kuonyeshwa kwa kiwakilishi kama Kiingereza kinavyofanya. Mfasiri angelazimika kutumia maneno ya mahusiano kama kaka, dada, kijana na binti, na kwa kufanya hivyo angeamua ni mhusika gani anamwona Luka kwa jicho gani. Huenda sarufi hiyo ingemtendea Luka haki kuliko kibwagizo cha Okabe, kwa kuwa mtu yuleyule angebaki na kiambishi kilekile katika kila dunia.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Steins;Gate ni kazi kubwa yenye ufa mahali palipo na nguzo yake. Muundo wake wa kufungua mafundo, simu yake na msimulizi wake vinaithibitisha riwaya-picha kuwa utanzu unaoweza kubeba tanzia. Ukawiaji wa nusu ya kwanza, sayansi inayogeuka majaliwa, na dhihaka kwa Luka ni kasoro zinazopunguza hadhi yake bila kuiangusha. Kasoro ya uchaguzi uliofichwa ni nzito zaidi, kwa kuwa inagusa kile hasa ambacho kazi inadai kukijali.

Kwa watunzi wa Afrika Mashariki wanaoanza kuandika bunilizi za kidijitali kwa Kiswahili, somo liko wazi. Kumpa msomaji kitufe si sawa na kumpa wajibu. Kabla ya kuuliza kisa kitakuwa na hatima ngapi, mtunzi ajiulize kama msomaji atajua, wakati kidole chake kiko juu ya kitufe, ni nini anachokaribia kukipoteza. Majuto ni mjukuu. Lakini mtu hujutia alichokitenda, si alichotendewa na mashine bila habari yake.